Kikombe cha Pili

Maneromango, Kisarawe
9 Februari 2025

Pacha wangu Kulwa,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi wazima. Bibi mzima, anakusalimu, anasema ule ushibe na usilale na miguu michafu. Mbuzi wake kazaa, na kama ilivyo desturi ya nyumba hii, kazaa wawili. Mvua bado, mbingu inatutazama tu.

Anayeandika ni Adventina wa kwa mchungaji. Mimi nasema, yeye anaandika, maana unajua mimi na kalamu hatujapatana tangu darasa la kwanza. Nimemwambia aandike kila ninachosema bila kunirekebisha. Kaapa, ingawa naona anacheka.

Tranka langu lipo chini ya kitanda. Unakumbuka ulipochaguliwa kwenda Kibaha, Bibi alivyokataa kununua tranka moja? Mwenye duka akamwuliza, "Kwani wote wawili wanakwenda bweni?" Bibi akamjibu, "Hawa ni mapacha," akalipia mawili, tukarudi nayo yote kichwani. Lako limekwenda shule. Langu lina mbegu za kunde.

Mwezi uliopita nilishikwa na malaria. Nimepona, usianze kulia. Nilimeza vidonge vya zahanati, na Bibi akachemsha muarobaini wake akamimina vikombe viwili, kama zamani. Changu nikanywa. Chako kikakaa juu ya kinu mpaka kikapoa, jioni akakimwaga penye shina la mti wenyewe. Nikamwambia, "Bibi, Kulwa yuko Kibaha, haumwi." Akasema, "Umemwona?" Na kweli sijakuona.

Sasa jambo lenyewe. Ijumaa baada ya swala alikuja Mjomba Hussen. Kijiji kinapima mashamba, kila mwenye shamba atapewa hati ya kimila, na lile la mikorosho aliloacha mama lazima liandikwe jina. Mjomba anataka liandikwe lako peke yako. Anasema Kulwa ana kichwa, Doto hana, tapeli yeyote akija na karatasi Doto atatia dole gumba na shamba litakwenda. Alisema kwa upole. Alinishika bega alipokuwa anasema. Bibi alikuwa anapepeta mchele, akaendelea kupepeta.

Nataka kujua wewe unasemaje.

Mimi wako,
Doto


Kibaha
16 Machi 2025

Doto wangu,

Natumaini mnaendelea vizuri na mfungo. Mpe Bibi shikamoo yangu, mwambie miguu naosha. Barua yako ilinichelewea. Mama mdogo Ashura aliibeba vizuri kutoka huko, akafika nayo ofisini kwake hapa Kibaha, akaisahau kwenye droo chini ya mafaili. Alipokuja kunitembelea aliitoa akiwa anajicheka mwenyewe, na bahasha ilikuwa imeanza kunukia wino wa mihuri.

Mchana tukiwa tumefunga tunaruhusiwa kulala kidogo. Bweni linakuwa kimya, mapazia yanavimba na kunywea, na sauti za magari ya barabara ya Morogoro zinakuja kutoka mbali mno, mpaka nasahau kuwa ni magari. Hapo ndipo naota. Juzi niliota tumelala wote wawili ndani ya tranka moja, linaelea juu ya Mto Ruvu. Maji hayakuwa na sauti. Ulikuwa umelala mdomo wazi, kama unavyolala. Kila nilipojigeuza tranka liliinamia upande wangu, maji yakaanza kuingia, nami nikajikunja, nikajikunja tena, nisiwe mzito. Nilipoamka magoti yalikuwa kifuani na mwenzangu wa kitanda cha juu ananiuliza kama tumbo linauma.

Kidato cha nne ni kazi nyingi. Mwalimu wa hesabu ananiita ubaoni kila siku, nikimaliza anawaambia wenzangu, "Mmeona?" Siku hizi sipendi anaposema hivyo.

Habari ya shamba nimeisoma. Mjomba ni mkubwa wetu, ametulea. Tutazungumza.

Nawakumbuka mno.

Pacha wako,
Kulwa


Maneromango
13 Aprili 2025

Kulwa,

Sikukuu ilikuwa nzuri, tulipika pilau, Bibi akakuwekea sahani yako, nikaila mimi. Nilishiba kwa ajili yetu sote. Mvua imeanza na barabara imekuwa uji, basi linakuja likijisikia.

Umeandika ukurasa mzima wa ndoto na mstari mmoja wa shamba. Adventina alipomaliza kunisomea nilimwambia ageuze karatasi, labda umeandika kwa nyuma. Kwa nyuma hapakuwa na kitu. "Tutazungumza" lini? Wewe upo bweni mpaka Novemba.

Watu wananifariji, Kulwa, nami nimechoka kufarijiwa. Tangu nilipofeli kidato cha pili mara ya pili, kila anayepita hapa ananiambia kila mtu ana kipaji chake, chako kitaonekana. Haya, nimekitafuta. Nimejaribu cherehani aliyoiacha Mama mdogo nikashona mkono wa gauni kwenye shingo. Maandazi yangu hata mbuzi aliyezaa anayanusa tu. Kuimba, unanijua. Nalima kama watu wengine wanavyolima, sipiti mtu wala sipitwi sana. Basi. Hakuna kitu kilichojificha ndani yangu kinachongoja kutoka. Mimi ni huyu huyu unayemjua.

Sasa nauliza, na Adventina aandike kwa herufi kubwa kama anaweza: nisipokuwa na kipaji, mama yangu hakuwa mama yangu?

Kamati ya ardhi ya kijiji itakaa Jumamosi ya tarehe kumi na sita Agosti. Mjomba atasema yake. Mwenyekiti, Bi Laurensia, amesema asiyeweza kufika anaweza kuleta neno lake kwa maandishi. Wewe ndiye wanayekutaja wote, Kulwa hivi, Kulwa vile. Ukisema wewe, watasikia.

Utasema?

Doto


Kibaha
8 Juni 2025

Doto wangu,

Eid Mubarak. Mwaka huu likizo hatuendi nyumbani, kidato cha nne tunabaki kambini kujisomea. Asubuhi kuna ukungu hapa, mti ulio mbele ya darasa unaonekana kuanzia katikati kwenda juu, kama haukupandwa popote. Nakaa kuutazama mpaka kengele inagongwa mara ya pili.

Usiwe na wasiwasi kuhusu shamba. Nimepata njia. Haihitaji kugombana na Mjomba wala kumvunjia mtu heshima. Hivi karibuni hatakuwa na sababu ya kusema anayosema. Tutakuwa sawa, kama Bibi alivyotaka siku zote.

Usiniulize zaidi. Nimelala vizuri usiku wa jana, bila ndoto.

Kulwa


Maneromango
20 Julai 2025

Kulwa,

Leo sina salamu. Bibi mzima, mbuzi wazima, mikorosho imeanza kutoa maua, ukipita jioni harufu yake inakufuata mpaka mlangoni. Umesikia habari za nyumbani. Sasa nisikilize.

Mama mdogo Ashura aliitwa shuleni kwenu. Walimu walimkalisha, wakampa soda, wakamwuliza kama kuna msiba nyumbani. Wakamwonyesha mtihani wako wa majaribio. Anasema karatasi ya hesabu ilikuwa na jina lako juu, kwa mwandiko mzuri, na chini yake weupe mtupu. Na ya fizikia vilevile. Alipokuona uwanjani ulimwambia umechoka. Alikuja mpaka huku kwa basi kutuambia, akalia, Bibi akalia, na mimi nikatoka nje maana nilikuwa nataka kucheka, kisha nikagundua kwamba si kucheka.

Mjinga wewe. Adventina, andika hivyo hivyo.

Nilikujua kabla hujaanza kupumua. Ulifikiri sitajua? "Tutakuwa sawa." Ulikaa mbele ya karatasi unayoijua yote, ukakunja mikono, ili Mjomba asiwe na mtu wa kumsifia. Umekunywa muarobaini wangu, Kulwa! Tulipokuwa wadogo nilikuwa natapika huku wewe mzima unapewa kikombe chako, unakunja uso, unameza, na mimi naendelea kutapika. Haikunipunguzia homa hata kidogo. Nilifurahi tu kukuona uso umekunjamana.

Ukifeli, mimi napata nini? Sitajua kusoma haraka zaidi. Mjomba hatasema, "Basi Doto apewe nusu." Atasema mapacha wote wawili hawana akili, shamba liandikwe jina lake alitunze. Na atalitunza kweli, ndilo jambo linaloniuma, maana si mtu mbaya. Mimi nikiwa na homa ya utoto alinibeba mgongoni mpaka zahanati. Lakini aliyenibeba mgongoni anadhani sijashuka mpaka leo.

Nitakuambia kitu ambacho sijawahi kukuambia, na Adventina ataandika hata kama anaona haya. Siku ulipochaguliwa nilikaa nyuma ya jiko nikakuchukia. Nilikuchukia mpaka magharibi. Nilisema moyoni, kwa nini asinipe kidogo, anacho kingi. Adhana ilipoadhiniwa nikaanza kukukumbuka, na ulikuwa bado hujaondoka, ulikuwa ndani unakunja nguo. Tangu siku hiyo sijataka kichwa chako. Ni chako. Mimi nataka nusu yangu ya mikorosho, na nataka niulizwe mambo yangu nikiwa nimekaa hapo hapo.

Wewe unaogopa Mjomba atakasirika. Nimeliona hilo tangu barua ya Machi. Ni rahisi kwako kujiangusha kuliko kumwambia mkubwa kwamba amekosea. Basi tumia hicho kichwa. Kaa chini uiandikie kamati, uandike vizuri kuliko ulivyowahi kuandika. Kisha Novemba ukafanye mtihani wako wote mpaka ukurasa wa mwisho.

Usipofanya hivyo usiniandikie tena.

Doto


Kibaha
3 Agosti 2025

Doto,

Shikamoo kwa Bibi. Mwambie anisamehe kwa machozi yale.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa kwenye ngazi za bweni, na nilipoifikia ile sehemu ya nyuma ya jiko nikasimama, nikakaa tena. Nilijua. Siku ile nilikuwa ndani nakunja nguo polepole sana, nakungoja uingie. Hukuingia, nikafikiri nimekuchukulia kitu. Nimekaa na wazo hilo miaka yote hii na halikuwa na jina.

Umesema kweli kuhusu Mjomba. Naogopa. Hata ndotoni namwona akinitazama bila kusema, ameshika kofia yake mkononi, na mimi ndiye mwenye makosa.

Njia niliyokuandikia Juni ilikuwa hii, nifeli, ila siku ya mtihani sikuwa nimepanga nitafelije. Niliandika jina. Nje kulikuwa na mtu anafyeka majani, harufu ya majani mabichi ikaingia darasani, nikawaza sasa hivi Doto anafyeka kwenye mikorosho. Nikaweka kalamu chini. Nilihisi wepesi wa ajabu, nikadhani ndio uadilifu wenyewe. Nilikaa hivyo mpaka wakakusanya karatasi, na sikufikiria wewe ungesema nini. Nilifikiri tu juu yako. Naona sasa kwamba nilifanya kama Mjomba, nikaamua bila kukuuliza.

Walimu wameniita. Nimewaambia ukweli, hawakuuelewa wote, lakini wamenirudishia karatasi nizifanye upya kwa mazoezi. Nimezifanya.

Barua ya kamati hii hapa. Nampa Mama mdogo Ashura leo, atakuja nayo Ijumaa kabla ya kikao.

*Kwa Kamati ya Ardhi ya Kijiji. Mimi Kulwa, mtoto wa marehemu Mwamvita, nipo masomoni Kibaha, naleta neno langu kwa maandishi. Shamba la mama yetu ni la watoto wake wawili, nusu kwa nusu. Mjomba wetu Hussen anataka liwe langu peke yangu kwa kuwa nasoma vizuri. Namheshimu na namshukuru, ila katika hili nakataa. Kusoma haraka kumenipa nafasi shuleni. Hakujanipa mkorosho hata mmoja zaidi ya ndugu yangu. Siku Doto atakapotaka kusomewa karatasi ataniomba, nami nitamsomea, na karatasi itabaki kuwa yake. Naomba majina yote mawili yaandikwe, na yeye aulizwe mwenyewe kuhusu sehemu yake.*

Nimeiandika mara nyingi. Kila mara nililiacha jina la Mjomba wazi, nikalijaza mwisho.

Pacha wako,
Kulwa


Maneromango
31 Agosti 2025

Kulwa,

Naandika mwenyewe. Adventina amekwenda chuo. Usicheke mwandiko. Nimeanza Jumatatu, nikichoka naweka kalamu ndani ya tranka, kesho naendelea.

Barua yako haikuwahi kikao. Basi la Mama mdogo liliharibika njiani Ijumaa, akarudi Kisarawe kulala. Alifika huku Jumapili.

Jumamosi nilingoja barabarani mpaka jua likawa kali. Nikaona vumbi, nikasema ndiye. Alikuwa mtu na baiskeli. Basi nikaenda mikono mitupu.

Watu walikuwa wengi. Mjomba alisema yake. Alisema vizuri, wengine wakaitikia kwa kichwa. Akasema, "Mwenyekiti, mpeni hiyo karatasi ya hati asome. Si kwa kumdhalilisha. Muone wenyewe."

Bi Laurensia akanipa. Nikasimama. Nikasoma neno la kwanza, na la pili. Nilisoma polepole kwa sauti, nje kuku wanasikika. Mstari wa tatu kulikuwa na neno refu. Nikalijaribu mwanzo, nikalijaribu katikati. Likakataa. Herufi zikaanza kucheza kama zinavyonifanyia. Nikatazama mlangoni labda Mama mdogo anaingia.

Hakuingia mtu.

Nikasema, "Neno hili limenishinda." Nikamrudishia Bi Laurensia karatasi yake. Nikasema, "Nimeshindwa kusoma. Sasa naomba nusu yangu."

Sikujua nitasema hivyo. Lilitoka tu.

Bi Laurensia akaikunja karatasi. Kisha akamgeukia Mjomba. "Hussen, wewe ulipopewa shamba la baba yako, ulisomeshwa nini?" Mjomba akasema yeye ni mtoto wake. Bi Laurensia akasema, "Na huyu?" Mjomba akavua kofia yake. Akaitazama mkononi. Bibi akaanza kulia bila sauti, wanawake wakamshika.

Wameandika Kulwa na Doto. Nimetia sahihi. Si dole. Ilichukua muda, wakaningoja.

Kurudi, Mjomba alinipakia baiskeli yake. Tulipokaribia nyumbani akapunguza mwendo. Akasema, "Nilikuwa nakuogopea." Nikasema, "Najua, Mjomba. Niogopee, ila uniulize." Akacheka kidogo, akasema mimi mkaidi kama mama yangu. Jana alikuja kuniuliza kama akate tawi lililokauka upande wangu. Nikamwambia akate.

Barua yako ya kamati nimeisoma mwenyewe. Nilikaa shambani chini ya maua, sasa yameanza kushika korosho changa. Nilianza asubuhi, nikamaliza watu wanatoka kuswali alasiri. Nilipokwama nilingoja, nikarudi tena. Ni nzuri sana. Nimeiweka kwenye tranka pamoja na hati. Mbegu za kunde nimezihamishia kwenye debe.

Juzi homa imenirudia. Si kubwa. Nimekwenda zahanati, na Bibi akachemsha muarobaini wake. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka, nasikia anamimina. Akamimina kimoja. Nikangoja cha pili. Nikafumbua macho, nikaona ameshafunika sufuria.

Nikamwambia, "Bibi, umemsahau Kulwa."

Akasema, "Sijamsahau. Wewe ndiye unayeumwa. Yeye ana mtihani."

Nimekinywa peke yangu, Kulwa. Kichungu vilevile. Nimekunja uso, hakuna aliyenikunjia.

Nakungoja Novemba.

Doto